Ulimi Wenye Mafundo

Watu husema damu nzito kuliko maji, na mimi sibishi, lakini aliyesema hivyo hakuwa na wifi kama Jantina. Reina alikuwa naye. Alikuwa naye miaka tisa, tangu alipoolewa na Hindrik akahamia mji wao wa Winsum, na karibu miaka yote hiyo alimvumilia. Alivumilia kuambiwa keki yake imekauka. Alivumilia kuulizwa mbele ya wageni kama zile nywele alizikata mwenyewe, na kwa mkasi gani. Hindrik alikuwa na jibu moja tu: ndivyo alivyo Tina, mdomo hauna breki lakini moyo wake mzuri. Reina naye alikuwa akimjibu kwamba moyo wa mtu hauonekani, mdomo ndio unaosikika. Hata hivyo alimeza yote. Lililomkaba ni la tarehe kumi na moja Novemba, siku ya Mtakatifu Martin, na wala halikumhusu yeye. Lilimhusu Imke.

Imke alikuwa binti yake, miaka sita, na alikuwa na kigugumizi. Akiwa nyumbani anacheza na mdogo wake Wobbe, ungeweza kukisahau kabisa. Lakini mbele za watu maneno ya M yalimkwama kooni, m-m-m, shingo ikimkakamaa na macho yakimtoka, mpaka unatamani uingize mkono ulitoe neno mwenyewe. Mwalimu wa matamshi alimwambia Reina kwamba mtoto akiimba hakwami sana kama akisema. Basi vuli ile, tangu likizo ya Oktoba, kazi ya nyumba nzima ikawa moja: kumfundisha Imke wimbo wa Mtakatifu Martin. Jioni ya siku hiyo watoto wa mji wote hupita mlango kwa mlango na taa zao mkononi, wanaimba, wanapewa peremende. Mwaka uliopita Imke alijificha nyuma ya koti la mama yake, akifungua na kufunga mdomo bila sauti. Mwaka huu alisema ataimba.

Akaimba bafuni, akaimba jikoni, akamwimbia Wobbe mpaka Wobbe akaziba masikio. Hindrik alileta kiazi sukari kutoka shambani kwa rafiki yake, kikubwa kama kichwa cha ndama, nao wakakaa sakafuni wote wanne wakikikwangua kwa vijiko hadi kikawa taa yenye macho na meno. Wobbe alikula makombo yake, akaharisha siku mbili. Lakini ile taa ilikuwa nzuri, na Imke aliilaza kando ya kitanda chake usiku huo kama mwanasesere.

Siku ilipofika aliimba nyumba nane. Nane. Reina alisimama kwenye kijia na Wobbe mgongoni, baridi ikimng'ata vidole, akisikiliza sauti ya mwanawe ikitoka nyembamba na safi katikati ya sauti za wenzake, na alilia kidogo, kwa kuwa giza lilikuwepo na hakuna aliyemwona. Nyumba ya tisa ilikuwa ya Jantina.

Jantina alifungua mlango, simu mkononi. Watoto walikuwa kumi au kumi na mbili, na nyuma yao wazazi. Walipotaka kuanza aliwanyamazisha. Akasema hapana, leo anataka kumsikia mpwa wake peke yake, maana ameambiwa amekuwa mwimbaji. Akainua simu. Imke alitazama ile taa ndogo ya simu, akafungua mdomo, na M ya Martin ikakaa pale. M-m-m-m. Shingo ikakakamaa. Nyuma yake Berend, mwana wa Jantina wa miaka tisa, akaanza kucheka puani.

"Ngojeni basi nikabandike maji ya chai," Jantina aliwaambia wazazi. "Nikirudi atakuwa amefika herufi ya pili."

Watu wakacheka. Si kwa ubaya, Hindrik alisema baadaye, walicheka tu kama watu wanavyocheka. Na usiku huo ile video ikaingia kwenye kundi la ukoo, sekunde kumi na tisa, na chini yake Jantina ameandika: Santuri imekwama.

Asubuhi Reina aliikuta ile taa ya kiazi kwenye pipa la taka. Na tangu siku hiyo Imke hakusema neno nje ya mlango wa nyumba yao. Shuleni aliitika kwa kichwa. Dukani alionyesha kwa kidole. Mzee Sinterklaas, mleta zawadi za watoto, alipofika shuleni kwao na joho lake jekundu na ndevu zake, na kila mtoto akaimba mbele yake, Imke walimkuta chumba cha makoti, amejifunika koti la mtu mwingine. Hata nyumbani maneno yalianza kupungua. Akawa anasoma tu. Alikuwa ndiyo kwanza amejua kusoma vuli ile, zile herufi kubwa zilizoachana ambazo walimu hubandika ukutani, na sasa akawa anasoma kila kitu kimyakimya, pakiti za maziwa, maboksi, kidole chini ya neno, midomo imefungwa.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Reina alimwambia Hindrik amwambie dada yake aombe radhi. Hindrik alimwambia. Jantina akajibu kwamba siku hizi watoto wanalelewa kama mayai, na kwamba yeye mbona alitaniwa sana utotoni na hakufa. Hindrik alileta jibu hilo nyumbani, akaliweka mezani kama mtu aliyeleta mkate, akakaa kula. Reina alimtazama mumewe akipaka siagi, akajua kwamba kama kuna mtu atakayelipa deni hili ni yeye.

Na nafasi ilikuja yenyewe. Jumapili aliyowasili Sinterklaas kwa meli yake, ukoo ulikutana kwa mama mkwe, Bibi Hiltje, kama kila mwaka, kupiga kura ya zawadi za tarehe tano Desemba, usiku wa Sinterklaas. Majina huandikwa kwenye vikaratasi, hutiwa ndani ya kile kifuniko cha sufi cha birika, kila mtu huchota kimoja kwa siri. Uliyemchota unamnunulia kitu kidogo, unakificha ndani ya dubwasha la kujitengenezea, na unamwandikia shairi. Hapo ndipo penye utamu. Shairi huandikwa kwa jina la Mzee Sinterklaas, ambaye ana kitabu kikubwa cha matendo ya kila mtu, na katika shairi hilo Mzee anakusema: uvivu wako, uchoyo wako, ile gari uliyoigonga. Unalisoma mwenyewe mbele ya wote, mashavu yanawaka. Na sheria ni moja: ukimaliza unasema, asante, Sinterklaas. Huulizi nani kaandika. Hujibu. Hununi. Mwenye kununia shairi la Sinterklaas atachekwa mpaka Pasaka.

Reina alimchota Berend. Alirudi nyumbani na kikaratasi kile amekifinya mpaka kimelowa.

Jumatano alikwenda kwa Bibi Hiltje kunywa kahawa jikoni, na yule bibi, ambaye hajawahi kuweka siri hata ya uji, akaanza kulalama kabla hajaketi. Amemchota Tina, alisema, na macho yake mabovu, na kila akimwandikia Tina jambo, Tina hukaa mwezi mzima bila kupiga simu.

"Tubadilishane, mama," Reina alisema, na kikombe chake hakikutikisika. "Mimi nimepata Berend. Mnunulie soksi za mpira, umemaliza."

Bibi alifurahi. Kwa furaha hiyo akainuka akashusha kabatini bati la biskuti, la zamani, limepata kutu pembeni. Ndani mlikuwa na mashairi ya ukoo ya miaka arobaini, kwa kuwa wao hawatupi. Akasema Reina achague lolote la kumpa pa kuanzia. Reina akapekua. Na katikati akakuta karatasi ya manjano, ya taipureta, yenye jina la Jantina juu. Akaisoma. Akaisoma tena.

Aliuliza hili ni la nini.

"Hilo la baba yake, Mungu amrehemu," Bibi Hiltje alisema. "Tina alikuwa na miaka saba. Kigugumizi, hukujua? Kibaya kuliko cha Imke. Herufi ya P ndiyo ilikuwa adui yake. Baba yake alidhani akichekwa ataona haya, ataacha."

"Akaacha?"

"Aliingia chini ya meza hii hii. Hakusema neno mpaka Pasaka." Bibi alikoroga kahawa yake. "Kikaisha baadaye. Chukua, mwanangu. Utapata pa kuanzia."

Mtu mwingine angeshusha pumzi hapo. Mtu mwingine angesema, kumbe, maskini, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Reina hakuwa mtu mwingine. Nyani haoni kundule, ndivyo alivyowaza, na karatasi ile akaikunja mara nne akaitia kwenye sidiria. Alirudi kwa baiskeli dhidi ya upepo, mvua ikimpiga usoni, na alikuwa anaimba.

Siku kumi alifanya kazi ile kila asubuhi watoto wakishakwenda shule, meza ya jikoni ikiwa imejaa gundi na magazeti. Alitengeneza mdomo. Mdomo mkubwa wa karatasi na gundi, upana wa sinia, ameupaka nyekundu midomoni na nyeusi ndani, na kutoka ndani yake ukachomoza ulimi wa kitambaa chekundu, urefu wa mita mbili. Kila upana wa kiganja wa ulimi ule alifunga fundo. Mafundo kumi na tisa, moja kwa kila sekunde ya ile video, na kila alipokaza fundo alilikaza kwa meno. Zawadi yenyewe, jozi ya glavu, ilikuwa kwenye fundo la mwisho. Hindrik alimkuta siku moja akikaza, akauliza ni la nani. Alijibiwa kwamba mambo ya Mzee hayaulizwi.

Shairi lilimchukua siku nne za hizo kumi. Lilipokuwa tayari likabaki jambo moja, mwandiko. Ukoo mzima ulijua mwandiko wake wa kulala upande, Jantina mwenyewe aliwahi kusema umelala kama nyasi baada ya mvua. Basi Reina akaamua kuficha mkono wake. Alinunua kalamu nene, akaandika kwa herufi kubwa, zilizoachana, zilizosimama wima, kama zile za ukutani kwa mwalimu. Aliyatazama maandishi yale na kuridhika. Hakuna ambaye angeyajua. Hakufikiria zaidi ya hapo, na hilo ndilo kosa lake, maana kila shairi jingine katika gunia la zawadi lingekuwa la mwandiko wa kuunganisha, wa watu wazima, na nyumba ile sasa ilikuwa na mtu mmoja ambaye alijua herufi za ukutani tu.

Tarehe tano Desemba saa kumi na moja jioni, nje giza tayari, wote walikuwa sebuleni kwa Bibi Hiltje. Kulikuwa na maziwa ya chokoleti na vibiskuti vya viungo, na kila mtu alikuwa na herufi ya jina lake ya chokoleti mbele ya sahani. Jirani akagonga mlango kwa ngumi, kama alivyoombwa, akarusha vibiskuti kwa konzi na kukimbia. Wobbe akapiga ukelele akaingia chini ya kochi. Kizingitini likakutwa gunia. Imke alisimama kando ya gunia lile mikono nyuma, macho yake makubwa, kimya. Bado aliamini. Kwake yeye Mzee alikuwa ametoka hapo mlangoni sasa hivi, farasi wake yuko juu ya paa.

Bibi alimpa kazi ya kutoa mafurushi, kwa kuwa kutoa hakuhitaji kusema. Akatoa la Hindrik, Hindrik akasoma jinsi Mzee alivyomwona akilala kwenye mkutano wa wazazi, wote wakacheka, asante, Sinterklaas. Akatoa la Berend. Akatoa la bibi. Reina hakusikia hata moja. Alikuwa akimtazama Jantina, mwanamke mwenye mabega mapana na pete nyingi, akila chokoleti yake ya J kuanzia mkiani. Mumewe alikuwa ameondoka miaka minne sasa, na tangu hapo alikuwa akizungumza kwa sauti ya juu zaidi. Cheka, Reina aliwaza. Cheka sana, mama. Chai inachemka.

Imke akautoa ule mdomo mwekundu. Watu wakashangaa, ulivyo mkubwa. Karatasi ilikuwa imebandikwa kwenye meno. Imke akaibandua ampelekee shangazi yake, kama alivyofanya kwa wengine, na ndipo akaitupia jicho. Akasimama.

Reina aliona. Aliona kidole cha mwanawe kikipanda kwenye karatasi na kukaa chini ya neno la kwanza, na akaelewa yote kwa mara moja, na ulimi wake mwenyewe ukawa mzito kama jiwe. Alitaka kusema, mpe shangazi.

"Mzee," Imke alisoma.

Ilikuwa ni M, nayo ilitoka. Si kwa urahisi. Ilikaa mlangoni kidogo, midomo ikabanana, kidole kikagonga karatasi mara moja, ikatoka. Hindrik alikiweka chini kikombe chake. Mtoto huyu hakuwa amesema kitu nyumbani humo tangu Novemba. Imke akaendelea, silabi kwa silabi, kidole kikigonga, na vina vya shairi vikimvuta mkono:

*Mzee nina kitabu, chenye siri zenu zote,*
*Huandikwa taratibu, wakubwa, wadogo, wote,*
*Jantina njoo karibu, niyasome yako yote,*
*Usitafute sababu, na pembeni usisote.*

Jantina alicheka, akajisogeza mbele kwenye kiti. Akasema loo, leo nimepatikana. Imke hakuinua macho.

*Zamani wewe mdogo, ulimi ulikufunga,*
*Kwa herufi moja ndogo, ukagonga na kugonga,*
*Watoto wapiga zogo, machozi yakakulenga,*

Mstari wa nne wa ubeti ule ulikuwepo, lakini hakuusoma. Alirudisha kidole nyuma, juu, mpaka kwenye ulimi ulikufunga, akalisoma tena kwa midomo tu. Kisha akainua uso.

Jantina alikuwa ameacha kutafuna. Rangi ilimpanda mpaka kwenye mizizi ya nywele, halafu ikaondoka yote. Hii ndiyo sura ambayo Reina aliingoja siku ishirini na nne. Aliikazia macho, aipate yote, asipoteze hata chembe.

"Shangazi," Imke alisema. "Na wewe?"

Jantina alitazama karatasi mkononi mwa mtoto, akatazama mdomo mwekundu, ulimi, mafundo. Kisha akatazama juu ya kichwa cha Imke, moja kwa moja kwa Reina, na hakuhitaji kuuliza nani kaandika.

"Na mimi," alisema.

"Herufi gani?"

"P."

"Mimi M," Imke alisema, na mara hii ilimkwama, m-m-mimi, naye akangoja, ikatoka. "P ni ngumu?"

"Mbaya. Nilikuwa siwezi kuomba pipi dukani. Nilikuwa naomba chokoleti, na chokoleti wakati ule sikuipenda." Jantina alikitazama kidole cha mtoto. "Ukigonga kidole hivyo, kinasaidia. Nani kakufundisha?"

"Hakuna."

"Mimi nilikuwa nagonga pajani. Chini ya meza, wasione."

Akamwonyesha. Imke akasogea aone vizuri. Akagonga paja lake mwenyewe, mara moja, mara mbili. Kisha, kwa kuwa ni mtoto na kazi iliyoanzwa humalizwa, akakumbuka mstari uliobaki.

*Leo wewe ni kigogo, wacheka mtoto mchanga.*

"Mtoto gani?" akauliza.

"Wewe," Jantina alisema. "Nilikucheka mlangoni kwangu. Na ile video nikaituma."

Imke alifikiri. Alitazama kwenye gunia, kisha dirishani, kule alikokwenda Mzee na farasi wake.

"Ameshaandika," alisema. "Basi."

Akapanda mapajani kwa shangazi yake na kuanza kufungua fundo la kwanza. Jantina alimshika kiuno asianguke. Akakumbuka sheria, au labda hakuwa na jingine la kusema, akasema, asante, Sinterklaas. Wote wakaitikia, asante, Sinterklaas, na Bibi Hiltje akasema kwa nguvu kuliko wote.

Je, Reina alifurahi? Mwanawe amesema. Mbele za watu, M na yote, baada ya wiki tatu za kuombwa na kubembelezwa na mama yake bila jibu. Alifurahi, ndiyo, angekuwa mama wa aina gani asifurahi. Lakini nitasema kweli, pamoja na furaha ile kulikuwa na hasira ambayo hajawahi kuijua. Hakumwandalia Jantina zawadi. Alimwandalia kilio, kilio cha ndani ya gari peke yake, kichwa kwenye usukani. Na sasa mwanamke yule amekaa na mtoto wake mapajani, mtoto anamweleza habari za kitabu chake cha shule, fundo la tatu, fundo la nne, maneno yale yale ambayo yeye Reina aliyalilia. Alijiona kama mtu aliyepika sumu usiku kucha, jirani akainywa na kunenepa.

Alijiingiza jikoni kuosha vikombe. Jantina akamfuata, akasukuma mlango kwa kisigino.

"Ulilipata wapi?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, Reina hakuwa akiijua. "Hindrik hakuwa amezaliwa. Baba alikufa. Hakuna anayelijua lile."

Reina alikausha kikombe. Angeweza kusema ameliokota. Angeweza kusema Hindrik alisikia kwa watu. Nafasi ilikuwepo, na aliiona vizuri, kama unavyoona jiwe njiani.

"Kwenye bati," alisema. "Mama alinipa."

"Alikupa."

"Mkononi. Alisema nitapata pa kuanzia."

Hapo ndipo kisasi kilipofika. Jantina hakulia. Alishika ukingo wa meza, ile meza ya zamani, akatazama chini yake, kwenye kigae, mahali ambapo mtoto wa miaka saba angetosha kukaa. Sebuleni Bibi Hiltje alikuwa anacheka na Wobbe. Jantina aliusikiliza ule mcheko mpaka ukaisha. Kisha akachukua kitambaa kingine, akaanza kukausha vikombe kando ya Reina. Kabla ya saa mbili alikuwa amemchukua Berend na kuondoka, na bibi alipomkaribia mlangoni apewe busu, Jantina alimpa mkono.

Reina alikuwa amepata alichokitaka. Katika gari alitafuta ule utamu wake, hakuukuta.

Nyumbani Imke alikataa kulala mpaka shairi libandikwe ukutani juu ya kitanda chake. Alikuwa ameliomba, na shangazi yake alimpa. Ni la Mzee, alisema, na ameliandika kwa herufi zangu. Hindrik akaleta gundi ya karatasi, akabandika, akamtazama mkewe kwa muda mrefu kuliko kawaida, akatoka. Imke akapiga magoti juu ya mto. Kuna ubeti mmoja ambao hakuufikia kule kwa bibi, akausoma sasa, akigonga paja, na hakukwama hata mara moja. Sauti yake ilikuwa ile ile ya nyumba nane za kwanza.

*Fungua fundo kwa fundo, ulimi uutazame,*
*Ndani yake mna vundo, puani lisikuhame,*
*Usijitie vishindo, mwenye kukwama akwame,*
*Huu ndio wangu mwendo, sema asante, ukome.*

"Mama, vundo ni nini?"

"Harufu mbaya."

"Mdomo wa shangazi haunuki." Imke alikunja uso. "Na kwa nini anasema mwenye kukwama akwame? Mimi nakwama."

Reina alisema labda Mzee alikuwa amechoka alipofika hapo. Akamfunika blanketi mpaka kidevuni. Imke hakuridhika, alikuwa bado anaangalia ukutani.

"Mama. Na wewe umo kwenye kitabu?"

"Nimo."

"Ukurasa gani?"

Reina alinyoosha mkono kwenye swichi ya taa.

"Mmoja na shangazi yako," alisema.

Imke akaitikia kwa kichwa, kama jambo la kawaida. Akasema kesho akiamka atalisoma tena, alimsomee na Wobbe, mpaka alijue kwa moyo, kisha alipeleke shuleni akamsomee mwalimu. Reina akazima taa.